Papa wa Unguja aliyepewa jina London, na yai ambalo hakuna anayelihesabu

Na Mwandishi Wetu, London

Ndugu msomaji, kama unaishi London na umewahi kuingia duka la chipsi Ijumaa jioni ukaagiza ule mnofu ulioandikwa ubaoni kwa jina la 'rock', jua kwamba ulikula papa. Wenye maduka hawaandiki papa kwa sababu Mwingereza wa kawaida akilisoma jina hilo hamu ya kula humtoka. Sisi tuliokulia kwenye papa wa ng'onda na mchuzi wa nazi hatuna shida hiyo. Mimi mwenyewe niliagiza 'rock' kwa miaka nikidhani nakula samaki wa kizungu, mpaka siku nilipoutazama vizuri ule uti wa katikati, laini, usio na miiba midogo midogo, nikajua huyu namfahamu tangu nyumbani.

Lakini ni papa gani? Wengi, wakiwamo baadhi ya wauzaji wenyewe, hudhani ni yule papa mdogo wa madoadoa aliyejaa katika bahari zinazoizunguka Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minofu iliyonunuliwa katika maduka ya chipsi na ya samaki, mengi yakiwa kusini mwa England. Katika minofu ya maduka ya chipsi, karibu asilimia 90 ilikuwa ya papa mwingine kabisa, yule mwenye mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni, ambaye idadi yake ilishuka vibaya kwa kuvuliwa kupita kiasi. Huyo hazai upesi. Jike hubeba mimba kwa karibu miaka miwili, kisha huzaa watoto hai.

Yule wa madoadoa ana njia nyingine. Yeye hutaga mayai.

Najua wapo watakaoshangaa. Tumezoea kwamba kuku hutaga, kasa hutaga, na samaki wa kawaida humwaga mayai majini kwa maelfu, dume akapita na kumwaga mbegu juu yake. Papa hafanyi hivyo hata mmoja. Papa wote hupandana, na mbegu ya dume huingia ndani ya mwili wa jike. Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana. Duniani kuna aina zaidi ya 500 za papa, na ukiwajumlisha na ndugu zao taa na jamaa wengine wenye mifupa ya gegedu, takriban aina nne katika kila kumi hutaga mayai. Waliobaki huzaa, na wengine wao huwalisha watoto tumboni kwa kondo, mfano wa binadamu. Hata yule mkubwa kuliko wote, ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita papa shilingi, kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama hutaga au huzaa. Ubishi uliisha mwaka 1995 alipovuliwa jike mmoja Taiwan akakutwa na watoto wapatao 300 tumboni.

Huyu mdogo wa madoadoa kitaalamu anaitwa Scyliorhinus canicula. Waingereza wenyewe hawajaamua kama ni mbwa au ni paka, maana jina la zamani la wavuvi linamwita mbwa, na la vitabu vya siku hizi linamwita paka. Canicula ni neno la Kilatini, maana yake mbwa mdogo. Ni samaki mwembamba, rangi ya mchanga, mwenye madoa meusi mgongoni, na mara nyingi urefu wake ni sentimita 60 hadi 70. Ngozi yake ni msasa mtupu. Maseremala wa zamani waliitumia kulainishia mbao.

Tuanze na ndoa yake. Dume ana viungo viwili vya uzazi, kimoja kila upande, vilivyotokana na mapezi ya tumboni. Wakati wa kupandana humng'ata jike na kujizungusha mwilini mwake kama kamba. Si tendo la upole. Watafiti waliowafuatilia samaki hawa katika hori la maji ya chumvi la Lough Hyne, nchini Ireland, walikuta majike wakishinda mchana wamejibanza katika mapango ya maji mafupi, kundi zima mahali pamoja, huku madume wakikaa kwenye maji ya kina. Maelezo ya watafiti ni kwamba majike hujificha kuepuka bughudha ya madume. Sitaongeza neno hapo.

Hata hivyo jike hamhitaji dume kila anapotaka kutaga. Ndani ya mwili wake mna tezi inayotengeneza ganda la yai, na katika tezi hiyo hiyo mbegu za dume huweza kuwekwa akiba kwa miezi mingi. Katika papa mwingine mdogo anayetaga, anayeishi bahari za Asia na Australia na kuitwa papa wa mianzi, watafiti wa California waliandika mwaka 2015 habari za mtoto aliyetokana na mbegu zilizohifadhiwa na mama yake kwa angalau miezi 45. Hiyo ni karibu miaka minne. Na huko Townsville, Australia, mwaka 2016 jike wa papa pundamilia aliyetenganishwa na dume tangu 2012 alitaga mayai yakaanguliwa watoto watatu. Wataalamu walipopima vinasaba walikuta watoto hao hawana baba kabisa, wote ni wa mama peke yake. Nilipowasimulia jamaa barazani kwetu hapa London, mmoja aliomba ushahidi wa maandishi.

Turudi kwenye yai. Jike wa papa huyu ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kulia, lakini mirija ya mayai ni miwili na yote inafanya kazi. Kiini huteremka, hukutana na mbegu, kisha hupita kwenye tezi na kuvishwa ganda. Mayai hutoka mawili kwa mpigo, moja kila mrija. Ganda lake si la chokaa kama la kuku. Ni la kolajeni, ile protini inayotengeneza kano na ngozi zetu, limepangwa tabaka juu ya tabaka mpaka likawa gumu na jepesi, rangi ya asali, mtu akiliinua kwenye mwanga anaona ndani. Urefu wake ni sentimita tano hivi, upana wake mbili. Kwenye kila pembe kuna uzi mrefu uliojisokota kama kikono cha mmea utambaao.

Nyuzi hizo nne ndizo nanga. Mbili hutangulia kutoka mwilini, na jike huogelea akiuzunguka mwani au mmea wa baharini mpaka zinanasa. Kisha huvuta, na yai huchomoka na kubaki limefungwa pale pale. Baada ya hapo huondoka. Hatamii, halindi, harudi kutazama. Kwa mwaka mzima, kwa makadirio yaliyofanywa kwenye hori la Bristol Channel, jike mmoja hutaga kiasi cha mayai 30 hadi 60 tu, ilhali samaki wengi tunaowala humwaga mayai kwa maelfu na malaki kwa msimu mmoja. Kazi yote ya malezi ya papa huyu imo ndani ya ganda lile.

Mwanzoni ganda limezibwa kabisa. Kiinitete kimelala juu ya kiini kikubwa cha manjano, kimeunganishwa nacho kwa mrija mwembamba, na hicho ndicho chakula chake chote mpaka siku ya kutoka. Baada ya wiki kadhaa vizibo vya ute vilivyo kwenye pembe huyeyuka, nyufa ndogo hufunguka, na maji ya bahari huanza kuingia. Hapo mtoto, ambaye bado hajawa na sura ya papa, huanza kupunga mkia bila kupumzika ili maji mapya yapite na yale yaliyokwisha hewa yatoke. Anajipepea mwenyewe, kama mtu aliyefungiwa chumba chenye dirisha dogo.

Lakini kupunga mkia kuna hatari yake. Maji yanayotoka hubeba harufu, na mwili unaotikisika hutoa dalili za umeme ambazo samaki wengine huzisikia. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa papa wa mianzi waliokuwa bado ndani ya ganda. Walipowapelekea umeme mdogo unaofanana na wa adui anayekaribia, watoto waliokomaa kiasi walisimama ghafla. Mkia ulitulia na matamvua yaliacha kupumua. Mtoto ambaye hajazaliwa, hajamwona adui hata siku moja, tayari anajua kubana pumzi.

Konokono wa baharini hana haja ya kusikia umeme. Yeye hukaa juu ya ganda akalitoboa tundu dogo la duara, kisha hufyonza kiini. Mayai mengi huishia hapo. Yanayopona huchukua miezi mitano hadi kumi na zaidi kuanguliwa, kwa kutegemea ubaridi wa maji, na mtoto hutoka akiwa na urefu wa sentimita kumi hivi, papa kamili, mwenye meno, tayari kujitafutia.

Yote haya yanajulikana kwa undani kwa sababu samaki huyu alikuwa karibu na wasomi wa Ulaya. Francis Balfour wa Cambridge alichapisha mwaka 1878 kitabu kizima juu ya ukuaji wa papa na taa wakiwa ndani ya yai, na mpaka leo maabara hutumia mayai ya papa huyu kuchunguza jinsi taya, mapezi na meno yanavyoumbika. Ni rahisi kumfuga, na yai lake ni kama dirisha. Hata watu wasio wasomi wamo. Tangu mwaka 2003 taasisi ya Shark Trust ya hapa Uingereza imekuwa ikiwaomba watembea ufukweni wokote maganda matupu yaliyosukumwa na mawimbi, wayatambue ni ya samaki gani, waandike mahali na tarehe. Waingereza huyaita maganda hayo pochi za nguva. Niliyoyaokota mimi kwenye fukwe za Kent, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni kutoka London, mengi yalikuwa ya taa, meusi, ya mraba, yenye pembe nne fupi. Lile lenye nyuzi za kujisokota nililipata moja tu, nalo liko mezani ninapoandika.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Pwani yetu nayo ina papa mdogo anayetaga. Anaishi kwenye miamba ya matumbawe ya Kenya, Tanzania na Madagascar, urefu wake haufiki hata mita moja, wa juu kabisa ni sentimita 75 hivi. Rangi yake ni kahawia isiyo na madoa, mapezi yake ya mviringo, mkia mfupi, na puani ana vindevu viwili vidogo. Kutwa hulala chini ya mwamba. Ukimtazama huwezi kumwogopa.

Huyu alipewa jina lake la kitaalamu hapa London, na aliyepewa jina ni samaki wa Unguja. Kuanzia mwaka 1863 mwakilishi wa serikali ya Uingereza mjini Unguja, enzi ya Sayyid Majid bin Said, alikuwa Robert Lambert Playfair, mtu aliyependa samaki kuliko wanadiplomasia wengi wanavyopenda. Alikusanya samaki wa Unguja na wa pwani, akawatuma British Museum, na huko akawapokea Albert Günther, Mjerumani aliyezaliwa Esslingen ambaye baadaye alikuwa mkuu wa idara ya wanyama ya makumbusho hayo. Wawili hao walitoa kitabu kiitwacho The Fishes of Zanzibar, chenye mwaka 1866 kwenye jalada ingawa kilitoka 1867. Humo Günther alimweleza papa wetu na kumwita brevicaudatum, yaani mwenye mkia mfupi. Majina aliyokuwa nayo midomoni mwa wavuvi waliomleta hayakuingia katika jina hilo.

Mwaka 1881 jengo jipya la makumbusho ya viumbe lilifunguliwa South Kensington, na mikusanyiko ya viumbe ikahamia huko. Leo hifadhi yake ya viumbe waliotiwa kwenye pombe ina vielelezo milioni 22 kwenye rafu zenye urefu wa kilomita 27. Ukipita nje na watoto wako mkienda kuona mifupa ya dinosaria, kumbuka kwamba nyuma ya kuta zile kuna samaki wa Unguja wa zama za Sayyid Majid, wamepauka, macho meupe.

Lakini samaki wa kwenye chupa hatagi. Günther alihesabu meno na kupima mapezi. Namna papa huyu anavyozaliana hakuweza kuijua. Kwa kuwa alifanana na wale papa wakubwa wenye vindevu wanaolala chini, ambao wavuvi wetu huwaita papa usingizi, aliwekwa katika jamii yao. Papa usingizi wale huzaa watoto hai. Mwaka 1986 ndipo huyu mdogo alipotengwa akapewa jina la jenasi lake mwenyewe, Pseudoginglymostoma, ambalo kwa Kiswahili chepesi ni kusema 'si yule mlidhani'. Na kwamba hutaga mayai, hilo limeonekana waziwazi katika matangi ya maonyesho ya ng'ambo, ambako amefugwa, ametaga na mayai yake yameanguliwa. Mmoja aliripotiwa kuishi miaka 33 ndani ya tangi.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Samaki wa Unguja, jina lake limeandikwa London, uzazi wake umetazamwa kupitia kioo huko ughaibuni. Juu ya maisha yake kwenye miamba yetu, mwezi gani anataga, kina gani, mwamba upi, maandiko ni machache kupita kiasi. Na wakati hayo hayajaandikwa, mwenyewe anakwisha. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, IUCN, limemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa, hatua ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Sababu zilizotajwa ni mbili: uvuvi usiosimamiwa na kuharibika kwa matumbawe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini yule wa Uingereza, ambaye naye hutaga mayai machache, bado amejaa. Jibu kwa maoni yangu ni la sokoni zaidi kuliko la kisayansi. Yule wa huku hana bei. Akiingia kwenye nyavu za meli hutupwa baharini, na kwa sababu ni mgumu wa roho wengi wao huogelea wakaenda zao. Kwetu hakuna samaki anayetupwa. Mkubwa ana mnunuzi wake, mdogo ana mnunuzi wake, na asiye na mnunuzi anakwenda chunguni nyumbani. Siwalaumu wavuvi, nani atamlaumu mtu anayerudi na samaki watano baada ya usiku kucha? Nasema tu kwamba samaki asiye na thamani ana bahati kuliko mwenye thamani ya shilingi mbili.

Kuna jambo la pili, nalo ni la yai. Sheria zetu za uvuvi, za Bara, za Visiwani na za Kenya, huzungumzia matundu ya nyavu, juya la kukokota, baruti na urefu wa samaki. Ni sheria nzuri zikisimamiwa. Lakini yai linalokaa miezi limefungwa kwenye mwamba halina urefu wa kisheria. Juya likipita, yai huondoka na majani. Baruti ikilipuka, na Tanzania ililia na baruti kwa miongo mingi kabla ya msako wa miaka ya 2010, mwamba huondoka na vyote vilivyoning'inia. Matumbawe yakifa kwa joto, kama yalivyokufa kwa wingi mwaka 1998 na kuungua tena 2016 na 2024, yai linakosa pa kushika.

Hata mipango yetu mizuri haikulifikiria. Siku hizi vijiji vingi, Pemba na Unguja, hufunga miamba yao kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, kisha hufungua kwa shangwe, na mavuno huwa makubwa. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini miezi mitatu ni hesabu ya pweza. Mayai ya papa wadogo wa maji ya joto ambao muda wao umepimwa, kama wale wa mianzi, huchukua miezi minne au mitano. Mwamba ukifunguliwa, mtoto bado yumo kwenye ganda. Kinachomfaa huyu ni mahali pasipofunguliwa, kama pale Kuruwitu, Kilifi, ambapo wavuvi wenyewe waliamua mnamo mwaka 2005 kutenga kipande cha bahari yao na kukiacha.

Je, kuna la kufanya zaidi ya kusubiri? Lipo, na si lazima liwe la mamilioni. Kule Malta, kundi la watu wa kujitolea liitwalo Sharklab-Malta lilianza kwenda soko la samaki na kuwachunguza papa wa madoadoa waliokwisha kufa. Ndani ya matumbo ya majike walikuta mayai yaliyokwisha kuvikwa ganda, tayari kutagwa. Waliyatoa, wakayatia kwenye tangi la maji ya bahari yenye hewa, wakangoja. Mengine yaliharibika, mengine yakaanguliwa, na watoto wakarudishwa baharini. Mama aliuzwa na kuliwa kama kawaida, mvuvi hakupoteza senti. Nafikiria soko la Malindi pale Unguja, au Feri jijini Dar es Salaam, au Shimoni, na kijana mmoja wa chuo mwenye ndoo na pampu ya hewa.

Mfano mwingine ni mkubwa zaidi. Visiwa vya Raja Ampat nchini Indonesia vilikaribia kuwapoteza papa pundamilia wote, ambao pia ni wa kutaga na ambao kwetu wapo. Kwa sababu papa hao huzaliana vizuri kwenye matangi, mayai yao yalipakiwa kwenye ndege kutoka Australia, yakaanguliwa visiwani kwa uangalizi wa wenyeji, na Januari 2023 watoto wa kwanza wakaachiwa baharini. Papa anayezaa hawezi kusafirishwa hivyo. Anayetaga anaweza, kwa sababu mama amekwisha kumfungia mtoto chakula cha safari.

Sijasikia mtu akisema jambo hilo kwa papa wetu wa mkia mfupi, lakini nalisema mimi. Waliotoka kwetu wakiwa kwenye chupa hawarudi, ila mayai yanayotagwa kwenye matangi ya huku yanaweza kurudi siku moja, ikiwa huko yatakuta mwamba. Na kuna jambo dogo ambalo mvuvi anaweza kulifanya hata kesho. Vitabu vya samaki vinasema papa huyu huweza kuishi saa kadhaa nje ya maji. Maana yake ni kwamba akitolewa kwenye dema alfajiri, mpaka chombo kinafika pwani huenda bado yu hai, na anaweza kurudishwa.

Juzi nilimpigia simu ami yangu, ambaye alivua kwa dema miaka arobaini kabla macho hayajamwishia. Baada ya shikamoo na habari za mvua nilimweleza lile ganda lililo mezani kwangu, rangi yake, nyuzi zake, na namna mtoto anavyojipepea ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema vifuko vya namna ile, vikubwa kuliko nilivyoeleza na vyeusi zaidi, walikuwa wakivikuta vimenasa kwenye dema zilizokaa sana majini. Walivikwangua kwa kisu na kuvitupa juani pamoja na takataka nyingine, maana vilikuwa vikiziba tundu.

Nikamuuliza vilikuwa vyepesi au vizito. Kilicho chepesi na kikavu, chenye ufa upande mmoja, mtoto amekwisha kutoka. Kizito, chenye maji, kina mtu ndani, na dawa yake ni kukirudisha baharini pale pale kilipotoka.

Alinyamaza kidogo. "Vizito, mwanangu," akasema. "Vingi vilikuwa vizito."